Skripti ya Upepo

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye mabano. Shamsia alipoliona alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Nilijua," alisema. "Niliandika mabano ya mraba mawili mawili. Bash inayosoma amri kwenye laptopu yangu inayaelewa. Kile kidude cha mwaloni hakina bash."

"Kina dash," Nestory alikubali. "Ikikutana na mabano ya namna hii haisimami wala haipigi kelele. Inaona sharti halikutimia, inaruka."

Walikuwa sebuleni kwa Shamsia, Mkuyuni, mlango ukiwa wazi. Eda ilikuwa haijaisha, kwa hiyo Nestory, waliyefanya naye kazi ofisi moja, ndiye aliyemfuata nyumbani na kidude kingine, kikompyuta kama kile cha mwaloni. Nyuma ya pazia mama mkwe wake, Bi Mwaija, alikuwa akivuta uradi.

Skripti ile, orodha ya amri za kompyuta, ilikuwa ya kutahadharisha watu wa ziwani. Kipimo kilichofungwa kisiwani kikiona upepo wa hatari, kidude cha mwaloni, kule boti zinakoegeshwa, kinatakiwa kuwasha taa nyekundu juu ya nguzo, kisha kutuma ujumbe kwa nahodha. Ilikuwa bado kwenye majaribio, na namba iliyosajiliwa ilikuwa moja tu, ya Lukman, fundi wa injini za boti. Alikubali kuwa wa kwanza kwa sababu aliyemwomba alikuwa mke wake, Shamsia.

Siku ya ajali kipimo kiliuona upepo Lukman akiwa bado nchi kavu. Taa haikuwaka. Akasukuma boti, peke yake, akashika njia ya Kamanga. Waliompata walikuta mwili tu. Boti na simu vilikwenda chini.

Mwalo mzima ulisema mashine ya Shamsia ndiyo iliyomuua. Ofisi ikamsimamisha kazi. Bi Mwaija alimwambia mbele ya wafiwa wote, "Mwanangu amekufa maji, amekufa shahidi. Hilo ndilo linalonipa usingizi. Lakini aliyempeleka huko ni wewe." Shamsia aliinamisha kichwa. "Ni kweli, mama," alijibu.

Nestory ndiye aliyekataa kukubali.

"Haya mabano yako sehemu ya taa," alisema sasa, kidole kikiwa kwenye kioo. "Yanaeleza kwa nini taa haikuwaka, basi. Ujumbe uko chini huku, sehemu yake yenyewe."

"Kama taa ilishindwa, ujumbe nao ulishindwa."

"Si lazima, dada. Mihayo, kijana wake wa kazi, alimwona anasoma simu kabla hajasukuma boti."

"Huenda alisoma kitu kingine." Sauti ya Shamsia ilipanda. "Huyo huyo Mihayo si ndiye aliyeachiwa spana zote? Fundi anayejua kuna upepo anaachaje spana zake nyuma? Injini ikimzimikia? Lukman hakujua, Nestory. Hakujua."

Nestory aliona Shamsia anajitesa bure. Lukman alikuwa mtu wa kimya tangu wamzike mdogo wake, na labda mkewe alikuwa amezoea kujibebesha kila kilichoharibika ndani ya nyumba ile.

Wakaendelea kushuka, mstari baada ya mstari.

"Hii hapa!" Shamsia alisogea mbele, macho yakimng'aa. "Alama mbili za sawasawa. Dash haizikubali."

Nestory alisoma juu na chini ya mstari ule. "Hapa inaangalia chaji ya betri tu. Haigusi upepo."

Macho yale yakazimika. Shamsia akairudia sehemu ya ujumbe toka mwanzo, akitafuta nafasi iliyokosekana, nukta iliyozidi, chochote. Aliipitisha kwenye bash, ikapita. Akaipitisha kwenye ksh, kisomaji kingine cha amri, ikapita. Kila ilipopita alizidi kuinama.

"Imebaki dash yenyewe," Nestory alisema kwa upole. "Tuijaribu kwenye kidude, tumalize."

Aliifuta namba ya Lukman akaweka yake. Akalisha kidude upepo wa uongo, mkali kama ule wa siku ile, kisha akaiweka simu katikati ya meza.

Taa ndogo ya majaribio haikuwaka, kama walivyotegemea. Simu nayo ilikaa kimya.

Midomo ya Shamsia ilikuwa ikicheza bila sauti. Alikuwa anaomba. Nestory naye, kwa namna yake, aliomba, ili dada huyu atoke kwenye aibu ile, wenzake wampe mkono tena.

"Haiji," Shamsia alinong'ona. "Umeona? Haiji."

Simu ikalia.

*Upepo mkali unakuja. Usiingie ziwani.*

Nestory aliipiga meza kwa kiganja. "Si wewe! Shamsia, si wewe! Taa iligoma, sawa, lakini ujumbe ulimfikia. Aliusoma akiwa bado nchi kavu, akajua kabisa kwamba…"

Akazikumbuka zile spana zilizoachwa nyuma. Alimtazama mjane aliyekuwa mbele yake, na kwa mara ya kwanza akauelewa uso ule.

Pazia likafunuliwa. Bi Mwaija alisimama hapo, ameushikilia mlango kwa mkono mmoja. "Kimelia nini? Mmeona nini?"

Shamsia aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

"Ni simu ya Nestory tu, mama," alisema. "Mashine yangu haikumpelekea kitu. Lukman hakujua."