Betri za Mwenyekiti

Betri mbili za maiki ya mwenyekiti zilikuwa mezani kwa Ferista, naye alizitazama kwa furaha ya mtu aliyekuta panya kajileta mwenyewe mtegoni.

Alimchukia Damiano, na chuki hiyo hakumficha Mungu wala jirani. Msimu uliopita magunia mawili ya kahawa yalitoweka ghalani. Damiano, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alisimama uwanjani na ile maiki yake isiyo na waya, akamtaja Ferista kuwa ndiye mwizi. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na spika tu, na spika ile ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Tangu siku hiyo wanakwaya walimwachia Ferista benchi zima akae peke yake, na watu waliomposa binti yake, Scola, wakaghairi.

Ferista aliuza mbuzi, akaenda Tunduma, akarudi na sola, chaja na betri za kuchaji. Kijiji kizima kilimcheka. Wao walizoea kuanika betri zilizochoka juu ya bati, zipate uhai wa kusikilizia taarifa ya habari. Lakini redio ya Ferista iliimba wiki nzima, tochi yake ikamulika mpaka zizi la jirani, na kicheko kikaisha. Unaweza kumsusa mtu kanisani, ila redio yako ikikata katikati ya mpira utamkumbuka. Mmoja mmoja wakanunua za kuchaji, wakazipeleka kwake.

Mwisho Damiano naye akasalimu amri. Spika yake ilitumia betri ya gari, haikumpa shida. Shida ilikuwa maiki, iliyokula vile vibetri vidogo kama mchwa. Swichi yake aliibana kwa plasta isije ikajizima, na hotuba zake ziliishia pale betri zinapoishia. Sasa uchaguzi wa kikundi ulikuwa Jumamosi, naye alitaka kuongea mpaka achoke mwenyewe. Akanunua betri za kuchaji, akamtuma nazo Kefa, mtunza ghala, mtu ambaye Damiano hakuamua jambo bila kujifungia naye kwanza. Aliagiza zichajiwe vizuri. Kuomba radhi hakuagiza.

Nesta, mdogo wake Ferista, aliziona betri zile akapiga makofi.

"Mrudishie hivyo hivyo tupu, dada. Zimfie mdomoni mbele ya watu."

Ferista alimwambia aende uwanjani mapema, wapate viti vya mbele.

Jumamosi walikaa mbele kweli, Ferista kavaa kitenge kipya. Damiano alianza kuhutubia, na Nesta akaanza kusubiri. Mwenyekiti alisifu mbolea, akasifu mvua, akajisifu mwenyewe. Kisha akatangaza kwamba wizi umerudi, magunia matatu hayapo, na kwamba baada ya mapumziko mafupi, kabla ya kura, atamtaja mwizi kwa jina. Shingo za watu zikamgeukia Ferista. Nyuma yao mtu alisema mama huyu hakomi. Sauti ya Damiano haikukwaruza hata mara moja.

Nesta alimfinya dada yake.

"Umezichaji?"

"Mpaka taa ya chaja ikawa kijani."

Nesta alitaka kulia kwa hasira. Dada yake kaonewa, kavunjiwa heshima, Scola kakosa mume, na siku ya kulipa imefika, yeye anamchajia adui! Alimwambia kwamba woga wake ndio utakaomfanya binti yake aozee nyumbani. Ferista hakujibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Nesta hakuwa na hali ya kukumbuka methali.

Damiano alitumbukiza maiki kwenye mfuko wa koti kama kawaida yake, akamwita Kefa kwa kidole. Wakaingia ghalani, katikati ya magunia yaliyopangwa mpaka darini, wakafunga mlango. Uwanjani wanakwaya wakaanza wimbo wa mapumziko.

Ferista alisimama, akawaomba wanakwaya wanyamaze kidogo.

Spika ikakohoa, halafu uwanja mzima na ng'ambo ya bonde wakaisikia sauti ya mwenyekiti: "Kefa, yale mawili tulimsingizia Ferista. Haya matatu tuliyouza juzi tumsingizie nani?"