Mitupo Miwili ya Čačak

Muda wa mechi ya kikapu uliisha timu zikiwa sare, na nahodha wa wenyeji alikuwa amebakiwa na mitupo huru miwili. Ukumbi mzima wa mji wa Čačak ulisimama ukipiga ngoma.

"Ikose yote miwili," kocha Pickett alimwambia.

Nahodha alimkodolea macho. "Bosi, mama yangu yuko pale juu."

"Mechi ya kwanza, kwao, walitufunga kwa pointi sita. Ukifunga, tunashinda kwa moja au mbili na tunatolewa kwa jumla ya pointi za mechi zote mbili. Ukikosa, tunapata dakika tano za nyongeza. Nataka saba."

Mwaka juzi, huko Ugiriki, Pickett, Mmarekani, alirukaruka peke yake kushangilia ushindi wa pointi moja ambao haukutosha kuwavusha, wachezaji wake wakiwa wamejiinamia. Kwao Indiana kushinda ni kushinda. Kesho yake alifukuzwa.

Mtupo wa kwanza uligonga ubao ukaanguka. Ngoma zikanyamaza.

Nahodha akafuta jasho la kiganja kwenye kaptula, akatupa tena. Mpira ukazunguka juu ya chuma, ukachungulia ndani, ukatoka.

Kiberiti cha gesi kikampiga Pickett begani. "Rudi kwenu, mjinga wewe," mtu alifoka jukwaani.

Wageni hawakushangilia. Kocha wao alikuwa ameshika kichwa.

Pickett akakunja mikono ya shati. "Saba," aliwaambia vijana wake.