Mtoto Mmoja

Watoto saba walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, katika shule moja karibu na kijiji cha Idsowe. Wote walinusurika mtumbwi ulipopinduka wakati wa mafuriko.

"Chagua wako, madam," mwalimu mkuu alimwambia Ruwaida.

Ruwaida alikuwa akisomea uzamili wa saikolojia ya shule. Katika wiki nane za mazoezi, chuo kilimtaka amhudumie mtoto mmoja, tena anayeweza kujibu maswali.

"Na hawa wengine wataonwa na nani?"

"Hakuna. Wewe ndiwe wa kwanza kuja."

Mwisho wa benchi alikaa msichana ambaye hakuwa amesema neno tangu siku ile. Alikuwa ameitafuna kola ya sare yake hadi ikabaki nyuzi. Ruwaida alimtazama kwa muda. Kisha akaandika jina la mtoto mwingine, aliyemsalimia kwa Kiswahili kizuri alipofika.

"Wengine rudini darasani," mwalimu mkuu akasema.

Wakaondoka. Msichana yule hakuinuka. Ruwaida akampa mkono ili asimame.

Msichana akaushika kwa vidole vyote, akaanza kumvuta kuelekea mlango ulioandikwa 'Chumba cha Ushauri'.