Mguu wa Nane wa Marehemu

Nikutegee, wewe uliyetulia hapo: ana miguu minane, hatembei, na akishaketi hata jiko humwogopa. Umeshindwa? Basi sogea usikie.

Bi Sikudhani alikuwa ameinama mezani, kibano mkononi, akiikalisha chipu yenye roho ya mumewe, Shekue, kwenye bodi inayoendesha nyumba. Ndiyo sheria: mume akifa, mjane humlehemu mwenyewe kabla eda haijaisha, na tangu hapo jiko, mlango na bomba humtii marehemu kila akikataza.

Wifi yake, Bi Mwanatumu, alimsimamia mgongoni.

"Mshike kwa heshima. Huyo ni kaka yangu, siyo punje ya ufuta."

"Ufuta una mafuta, wifi."

Shekue huyu aliyekuwa akifunua sufuria kukagua minofu, leo anaenea kwenye ukucha wa mkewe! Mke angepiga chafya tu, mwanamume angepotea chini ya mkeka.

Pasi ya kulehemu ikagusa, lehemu ikang'aa, kamoshi kakapanda. Ukutani ikawaka taa nyekundu: marehemu anasikia.

"Kaka, hujambo?" Bi Mwanatumu akaita. Akatega sikio ukutani. "Mbona hajibu? Umeunga miguu yote?"

Sikudhani akawasha jiko, akabandika nyama, akatia chumvi kama apendavyo mwenyewe. Taa ikapepesa, ikapepesa, kama jicho la mtu aliyezibwa mdomo.

"Nakuuliza, wifi!"

Sikudhani akaonja mchuzi kwanza.

"Saba. Wa sauti nimeuacha hewani. Masikio anayo, asikilize mpaka nife."