Breki ya Dakika Thelathini

"Dada, breki yako imefaulu kupita kiasi," mkuu wa kampuni alisema huku akicheka. "Zikitimia dakika thelathini video za programu yetu zinakoma, na watu wanaweka simu chini, wanakwenda zao. Iondoe."

Mhandisi aliyeibuni breki hiyo aliikodolea macho kompyuta yake. Kwa wiki tatu za majaribio, binti yake alikuwa ameanza kuinua kichwa kutoka kwenye simu wakiwa mezani. Juzi binti alimsimulia kisa kizima cha mwalimu aliyevaa viatu visivyofanana, akacheka mpaka machozi. Hata sugu ya kidole gumba cha binti, iliyoota kwa kusukuma video, ilikuwa imeanza kulainika.

"Nikikataa?"

"Kitufe hakikosi kidole, dada. Kama si chako, cha mwenzako."

Akabonyeza.

Jioni alimkuta binti kwenye kochi, simu mkononi. Aliketi kando yake, akamshika kile kidole gumba.

"Mwalimu wenu leo alivaaje?"

"Mama, wameiondoa ile breki!" Binti alikichomoa kidole chake bila kumtazama. "Hatimaye wametuonea huruma. Mungu awabariki hao watu, wao na watoto wao."

"Amina," mama akaitikia.