Mgeni wa Hondohondo

"Acha kunigongea ukuta!" Hondohondo alifoka kutoka ndani ya shimo la mti. "Naatamia!"

"Mama, mtini mwako mna mdudu anayetafuna," alijibu Kigogota. "Niruhusu nimtoe."

"Mwongo! Unayamezea mate mayai yangu." Akaongeza tope mlangoni, kama ilivyo desturi ya majike wa kwao, hadi ukabaki ufa mwembamba. Kigogota akaenda zake.

Kukawa kimya. Kisha, karibu na sikio la Hondohondo: krr, krr. Unga wa mti ukayamwagikia mayai. Manyoya yake ya kurukia yalikuwa yameshapukutika, kama ilivyo kwa majike wa kwao wanapoatamia; asingeweza kuruka.

"Kigogota, rudi!"

Mdudu mwenye pembe ndefu akatoka ukutani, akaupapasa mlango taratibu.

"Ameshafika mbali, mama. Na mlango umeuziba vizuri."