Kikombe Kilichosimama

Kikombe kilikuwa kimesimama mezani, kwa hivyo mama alikuwa bado hajadungwa insulini yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya nyumba yao ya Woolwich, London. Atakayemdunga mama asubuhi, awe Jotham au mkewe Njeri, hukifudikiza kikombe cha mama, mdomo chini. Njeri ni nesi. Alitaka wabandike karatasi kwenye friji, kila mmoja aweke sahihi. Jotham alimcheka. Yeye mzima, anayesomea udaktari wa kompyuta, tena juu ya programu nyingi zinazogombania kumbukumbu moja, ashindwe kupanga watu wawili na mama mmoja?

Mama mwenyewe hakuwa wa kuulizwa. Hata kabla hawajamleta kutoka Kisumu, alikuwa akisahau kula na kusahau kwamba amekula. Ukimkaribia na sindano alipandisha gauni tumboni, akakutabasamia. Jotham alimpenda hadi akaogopa. Mwanamke huyu aliuza mitumba soko la Kibuye miaka na miaka ili yeye asome, na sasa alikuwa amesahau hata Kibuye.

Siku hiyo, mwaka 2006, Jotham alikuwa anakwenda kutetea tasnifu yake. Njeri alishatoka kwenda zamu. Shule zilikuwa zimefungwa, na Nyambura, binti yao wa miaka kumi na miwili, angebaki na nyanya yake hadi mchana.

Jotham akakitazama kikombe. Kilikuwa na maji kidogo. Mwanaume huyu mwangalifu akaona heri aulize.

"Nyambura, nyanya hajadungwa?"

"Yeah," akajibu binti, macho kwenye televisheni. Mtoto huyu wa London alielewa Kiswahili chote, lakini kukisema, ng'o!

Jotham akamdunga mama, akamwaga maji, akakifudikiza kikombe.

"Asante, daktari," mama akasema.

"Bado, Mama. Jioni ndiyo utaniita hivyo."

Alitoka mbio kuwahi treni, roho juu. Miaka mitano ya kubeba chupa za mikojo ya wagonjwa usiku na kusoma mchana, yote ilitegemea asubuhi hiyo.

Watahini walikuwa wawili: profesa mmoja Mwingereza, mwanamke asiyecheka ovyo, na Dakta Pravin, Mhindi aliyezaliwa Kisumu na sasa akiishi Neasden. Jotham aliwaeleza vizuri. Kila programu inafanya kazi kana kwamba iko peke yake. Mwishoni inachungulia. Ikikuta mwenzake amegusa ilichokisoma, inaitupa kazi yake yote na kuanza upya, wala hakuna wa nje atakayejua kwamba ilikosea.

"Raha kweli," alisema Dakta Pravin. "Natamani maisha yangekuwa hivyo. Mpaka wake uko wapi?"

Hapo ndipo tasnifu yenyewe ilipokuwa. Jotham akaenda ubaoni, akaonyesha kihesabu kwamba haiwezekani kumhakikishia kila mmoja kumaliza. Daima anaweza kupatikana mnyonge mmoja wa kuanza upya mpaka kiama huku wenzake wakipita. Kisha akaonyesha mpaka wa pili, ule uliomnyima usingizi. Msamaha huo wote ni wa mambo yaliyo ndani ya kumbukumbu tu. Barua iliyokwisha kutumwa haifutiki.

Profesa akageuza ukurasa. "Kwa hiyo programu ikishatoa kitu nje, haiwezi tena kuanza upya?"

"Yes," Jotham akasema.

Profesa akainua kalamu. "Inaweza?"

"Hapana. Haiwezi."

"Lakini umesema yes."

Dakta Pravin akaangua kicheko. "Msamehe, Profesa. Hiyo ni yes ya Kisumu! Kwetu, ukimuuliza mtu 'hujala?' akajibu ndiyo, mwekee chakula, ana njaa. Ninyi Waingereza mkimuuliza mtu, akajibu yes, basi ameshashiba. Wanangu waliozaliwa hapa hunichanganya hivyo hivyo kila siku. Namwekea mtu sahani, kumbe alikula zamani!"

Hata profesa alicheka. Jotham naye alicheka nao kidogo. Kisha chaki ikamtoka mkononi.

Hakuomba ruhusa. Alifika kwenye korido simu ikiwa sikioni, ikiita, ikiita, mpaka binti akapokea.

"Nyambura, asubuhi nilipokuuliza kuhusu nyanya, ulisema nini?"

"Nilisema yeah, Dad." Alikuwa akiongea Kiingereza chake cha haraka. "Mum alimdunga kabla hajaenda kazini. Halafu nyanya akataka maji, nikakigeuza kikombe chake, nikamwekea. Kwani vipi?"

"Mpe sukari. Mama yangu, mpe sukari upesi! Mwamshe, mnyweshe chai, weka sukari nyingi!"

"Nilishampelekea chai, hataki kuamka. Amelala tangu ulipoondoka. Alikuwa anakoroma kwa nguvu mpaka nikaongeza sauti ya TV." Binti akatega sikio. "Sasa ameacha."